Injini ya mvuke na behewa lake: mwongozo kamili wa kuunganisha na kupaka rangi kwenye hewa ya Lamu

Tangu kusi ianze kuvuma nimeletewa modeli za treni, injini tatu na mabehewa mawili, na zote zina ugonjwa mmoja. Rangi nyeusi imeota ukungu mweupe kama iliyopulizwa unga wa ngano, ukucha ukipita inabanduka, na juu ya boila kuna alama ya kidole gumba inayotosha kuombea kitambulisho. Wenyewe wanalaumu rangi. Mmoja analaumu mkono wake.

Mkono hauna kosa. Maelekezo ya ndani ya boksi yameandikwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya vyumba vikavu. Hayasemi lolote juu ya chumvi, jasho, maji ya kisima wala makuti yanayopukutika kichwani. Ukiyafuata neno kwa neno hapa Lamu, utaharibu.

Nazungumzia seti za plastiki za kipimo cha 1:76, ambapo milimita 4 za modeli ni futi 1 ya treni ya kweli. Mfano wangu ni Evening Star, namba 92220, injini ya mwisho ya mvuke kujengwa kwa ajili ya British Railways, shirika la reli la Uingereza, iliyotoka karakana ya Swindon mwaka 1960. Ina magurudumu 10 makubwa ya kuvuta, na hayo magurudumu ndiyo yanayowatoa watu machozi. Anayeiweza hii hatashindwa na nyingine.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufungua boksi

- Koleo ndogo ya kukatia, iliyo bapa upande mmoja. Mkasi wa kucha unafaa. Meno hayafai, na nimeona alama zake.
- Kisu chembamba cha kubadilisha makali, au wembe mpya uliofungwa utepe upande mmoja.
- Msasa wa maji namba 400, 800 na 1000, na tupa ndogo bapa.
- Kibanio cha ncha kali.
- Keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, na biti za milimita 0.5 hadi 1.
- Gundi ya plastiki ya majimaji, ile yenye kibrashi ndani ya kifuniko.
- Gundi nyeupe ya maseremala, kwa ajili ya madirisha peke yake.
- Kipande cha kioo kilichonyooka, ukubwa wa sahani. Kioo cha dirisha lililovunjika kinatosha, ila piga msasa kingo zake kwanza.
- Puti ya modeli, praima ya kijivu, rangi, na vanishi za aina mbili: ya kung'aa na isiyong'aa.
- Glavu nyembamba, mswaki wa zamani, sabuni ya vyombo.
- Maji ya mvua, lita mbili au tatu.
- Boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe tena.
- Chumvi ya mezani, vijiko viwili. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya 7.

Mikebe ya spreyi hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege kama kifurushi cha kawaida, kwa hiyo usiagize pamoja na seti. Nunua praima na vanishi Mombasa, au hapa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kisha zijaribu kwanza kwenye plastiki isiyo na kazi.

## Hatua ya 1: Anza na behewa, injini baadaye

Najua kilichokuvutia ni injini. Lakini behewa ni sanduku lenye kuta mbili ndefu, ncha mbili na paa, na ndilo litakalokufundisha gundi, pembe na rangi kabla hujagusa magurudumu 10. Ukiharibu ukuta wa behewa unaupiga msasa na kuanza tena. Ukiharibu konrodi, yaani ufito wa magurudumu, umeiharibu.

Seti ikivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, juani, vipande virefu hupinda. Weka kila ukuta juu ya kioo na uangalie mwanga unapopita. Uliopinda uzamishe kwenye maji ya moto ambayo kidole kinayavumilia kwa nukta moja tu, kwa nusu dakika, halafu ulaze juu ya kioo na kuukandamiza kwa kitabu kizito mpaka upoe. Maji yanayochemka usitumie: plastiki hii hulegea karibu na nyuzi 100, na itatoka kama mkate wa kumimina.

## Hatua ya 2: Osha vipande vyote

Hapa ndipo watu hucheka, na hapa ndipo rangi zao zinapoanzia kubanduka.

Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke bila kung'ang'ania. Mafuta hayo yanabaki juu ya vipande. Ongeza jasho lako na mafuta ya mikono ya mtu aliyekuja kukutazama. Rangi ikikuta mafuta inayapanda mafuta, wala haishiki plastiki.

Vipande vikiwa bado kwenye matawi yake, ile fremu ya plastiki vinayokuja nayo, viloweke dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni. Sugua taratibu kwa mswaki, hasa kwenye misumari midogo ya boila na mistari ya milango. Weka chujio chini ya bomba, maana vipande vidogo hukimbia.

Suuza mara mbili. Mara ya kwanza maji yoyote yanafaa. Mara ya pili tumia maji ya mvua, au ya chupa kama mvua haikunyesha. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na tone moja likikauka juu ya plastiki linaacha duara jeupe. Chumvi iliyofungwa chini ya rangi huvuta unyevu, na baada ya miezi michache utaona malengelenge madogo kama ya mtu aliyeungua. Wazee wa visiwa walijenga majabia ya kukingia mvua kwa sababu zao; sisi tunakinga kwa ndoo kwa ajili ya treni.

Kausha ndani, kivulini, usiku mzima.   Kuanzia hapa, glavu.

## Hatua ya 3: Kata na safisha

Kata mbali na kipande, acha kisiki cha milimita moja, kisha kipunguze kwa kisu na ukimalize kwa msasa namba 400. Ukikata karibu mara moja plastiki hupasuka kuelekea ndani na kuacha shimo jeupe.

Kata vipande vya hatua moja tu kwa wakati. Mtu aliyekata vyote siku ya kwanza hukaa mwezi mzima akiuliza kipi ni kipi.

## Hatua ya 4: Sanduku la behewa

Usipake gundi halafu ukutanishe. Kutanisha kwanza, shikilia, halafu gusa mshono kwa kibrashi chenye gundi kidogo. Gundi hii ni nyepesi kama maji: inajivuta yenyewe ndani ya ufa, inayeyusha plastiki pande zote mbili, na zinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana kidole chako kisiwe juu ya mshono. Gundi itapita chini ya kidole, na alama yako itabaki hapo muda mrefu kuliko jina lako.

Unganisha ukuta mmoja na ncha moja kwanza, juu ya kioo, ukiegemeza kona kwenye kitu chenye pembe ya kweli. Mimi hutumia kisanduku cha chuma cha biskuti. Acha saa nzima. Halafu ukuta wa pili na ncha ya pili, nazo kona hiyo hiyo. Mwisho kutanisha nusu mbili.

Usigundishe paa sasa. Vioo vinaingia kutoka juu, na vioo vinakuja baada ya rangi. Karibu kila behewa lililoletwa kwangu lilikuwa limeshafunikwa paa, na mwenyewe akitaka nimsaidie kupaka rangi kuzunguka vioo kwa unyoya wa kuku.

Limefaulu likikaa juu ya kioo bila kutikisika, na ukilitazama kutoka ncha moja ukaona kingo za juu zimelala sambamba.

## Hatua ya 5: Chesisi na magurudumu 10

Hii ndiyo hatua ndefu. Jipe siku tatu.

Chesisi ikiwa na mshazari, magurudumu mengine yatagusa chini na mengine yataning'inia. Kwa hiyo gundisha mbao mbili za chesisi zikiwa zimesimama juu ya kioo, ekseli ya kwanza na ya mwisho zikiwa ndani bila gundi. Ekseli hizo mbili ndizo zitakazonyoosha kila kitu. Kabla gundi haijakaza, bonyeza kona moja moja: isipocheza, iache mpaka kesho.

Kesho ingiza ekseli tatu za katikati. Pitisha kipande cha karatasi ya daftari chini ya kila gurudumu. Ikipita bila kugusa, gurudumu hilo liko juu. Tundu lake linahitaji tupa kidogo upande wa chini. Ikikwama kote, vizuri.

Sasa pembe. Kwenye injini ya kweli yenye silinda mbili, mkono wa gurudumu la kulia na wa kushoto (pale penye pini ya ufito) hupishana kwa nyuzi 90, ili pistoni moja ikifika mwisho wa mwendo wake na kukosa nguvu, ya pili iwe katikati inasukuma. Vinginevyo treni ingesimama mahali pabaya na isiondoke. Modeli yako haivuti kitu, lakini anayejua ataona. Weka mikono yote mitano ya upande mmoja ielekee juu, na mitano ya upande wa pili ielekee mbele. Ikipishana hata kidogo ndani ya upande mmoja, fito hazitaingia.

Kuhusu fito zenyewe: gundi ikigusa ufito, magurudumu yote 10 yanafungwa kwa mara moja. Dawa yake ni karatasi ya daftari iliyopakwa mafuta ya cherehani. Ikate kiduara chenye tundu, ivishe kwenye pini kabla ya kuweka kifuniko cha pini, weka gundi tone dogo kwa ncha ya sindano, subiri saa mbili, halafu ichane na kuitoa. Mafuta yanazuia gundi na karatasi inaacha nafasi ya kuzunguka. Karatasi ikitoka, futa mafuta yote kwa spiriti, rangi itayakuta.

Sukuma chesisi juu ya kioo kwa kidole kimoja. Ikitembea sentimita 20 magurudumu yote yakizunguka na fito zikipanda na kushuka, umemaliza kazi ngumu kuliko zote. Ikiburuta, tafuta pini moja iliyonaswa kabla ya kulazimisha. Ukilazimisha utavunja ile isiyo na kosa.

## Hatua ya 6: Boila, mshono na puti

Boila ya plastiki huja nusu mbili, na mshono hupita juu kabisa, mahali ambapo macho yote yanakwenda. Boila ya kweli haina mshono hapo.

Bana nusu mbili kwa mpira mpaka gundi ichuruzike uzi mwembamba nje. Usiufute. Uache siku moja ukauke, kisha uupige msasa 400, 800, na wa mwisho 1000 ukiwa umelowa. Huo uzi ni puti ya bure. Panapobaki ufa, puti kidogo na msasa tena. Misumari midogo iliyofutika kwa msasa usihuzunike nayo: toboa vishimo kwa keekee na uchomeke vipande vya plastiki uliyoivuta juu ya mshumaa mpaka ikawa nyembamba kama unywele.

Dohani, kibanda cha dereva na vishikio gundisha mwisho. Funga macho, pitisha ukucha juu ya mshono. Ukucha usipogota, endelea.

## Hatua ya 7: Subiri hewa

Kimiminika kilicho ndani ya spreyi hukauka haraka, na kikikauka hunyonya joto la uso ulioupaka. Uso unapoa, na mvuke wa hewani unageuka matone madogo mno juu ya rangi mbichi, sawasawa na gilasi ya juisi ya ukwaju inavyotoka jasho mezani. Matone yakinaswa ndani ya rangi ndiyo ule unga uliowaleta kwangu.

Kipimo changu ni chumvi. Chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukipita asilimia 75. Tandaza vijiko viwili juu ya sahani, mahali utakapopakia, nusu saa kabla. Ikiwa bado inamwagika punje punje, paka. Ikishikana au kung'aa majimaji, funika kazi, nenda ukanywe kahawa. Chumvi ya dukani hushikana mapema kidogo kuliko ile safi, na hilo ni kwa faida yako.

Kwa kawaida dirisha lako ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, jua likishapandisha joto na unyevu kushuka. Alfajiri na baada ya magharibi usiguse spreyi. Masika, hasa Mei, fanya gundi na msasa peke yake. Mimi hukusanya miili ya injini na kuisubirisha hadi Januari na Februari, kaskazi ikiwa imekauka.

Kuna mambo mawili ambayo hapa yana madhara yake. Watu hupenda kunyunyizia maji sakafuni ili vumbi litulie. Usifanye, unaongeza unyevu pale pale. Na usipakie juu ya nyumba chini ya makuti. Upepo mdogo tu, na boila inaota nywele. Fanyia kwenye chumba cha ndani dirisha likiwa wazi, ndani ya boksi la katoni lililolazwa ubavu, na ukaushie chini ya boksi la plastiki lililofunikwa. Barakoa usiisahau.

## Hatua ya 8: Praima

Tikisa mkebe dakika mbili kamili. Pulizia ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza nje ya kipande na umalizie nje ya kipande, mkono ukitembea. Tabaka la kwanza lionekane kama vumbi tu. Subiri dakika kumi na tano, halafu la pili.

Praima ya magari ina tina kali inayoweza kuyeyusha plastiki. Jaribu kwenye tawi tupu kwanza: likinata au kukunjamana, tafuta nyingine.

Praima ya kijivu hufichua kila kosa. Mshono uliodhani umekwisha utautazama kama mtaro. Rudi hatua ya 6 bila aibu. Mimi hurudi mara mbili kila injini.

## Hatua ya 9: Rangi

Wanaoanza nawashauri enameli kwa brashi. Hukauka polepole, na huo upole ndio unaofuta michirizi ya brashi. Ichanganye na tina yake mpaka iwe kama maziwa mabichi, tabaka mbili nyembamba, saa 24 kati yake, na siku za unyevu saa 48. Kipimo cha ukavu ni pua: ikinuka bado, haijakauka hata kama hainati. Usiianike juani ili kuharakisha. Injini nyeusi juu ya sakafu ya darini saa saba mchana hupinda.

Evening Star ilipakwa kijani cha Brunswick na kuvishwa taji la shaba kwenye dohani, wakati wenzake wa aina hiyo walikuwa weusi bila mistari. Kama huna mkono wa mistari, jenga mmoja wa weusi hao. Weusi wenyewe usiwe mweusi wa mkebe: tia tone la kijivu na tone la kahawia. Kitu kidogo cheusi tii hufifisha umbo lake lote, hata konrodi zako ulizozitolea jasho zitapotea.

Mpangilio: rangi nyepesi kabla ya nzito. Ubao wa mbele wa bafa mwekundu kwanza, uufunike, kisha mwili. Magurudumu mwisho, kwa brashi, ukiyazungusha.

Behewa la rangi ya damu ya mzee ndilo rahisi, na linakwenda sawa na mwaka 1960, kwa sababu British Railways walirudi kwenye rangi hiyo mwaka 1956 baada ya miaka ya nyekundu na krimu. Ukitaka rangi mbili, krimu kwanza, siku mbili, utepe wa karatasi, kisha pitisha krimu tena kidogo kwenye ukingo wa utepe. Krimu hiyo inaziba vinjia vilivyo chini ya utepe, na rangi nzito haitapenya. Ondoa utepe rangi ikiwa imeanza kukauka, ukiukunja nyuma juu ya mgongo wake.

Wapo wanaotaka kuigeuza kuwa treni yetu. Injini ya Mount Gelai, namba 5918, iliyoko makumbusho ya reli Nairobi, imevaa damu ya mzee hiyo hiyo, lakini ni injini ya aina ya Garratt, ya reli ya mita moja yenye umbo jingine kabisa. Rangi peke yake haitaifanya Evening Star ipande Mau.

## Hatua ya 10: Namba, vanishi, vioo

Stika za maji hazishiki juu ya rangi isiyong'aa; hewa hubaki chini yake na kung'ara kama magamba ya samaki. Kwa hiyo vanishi ya kung'aa kwanza, siku moja. Loweka stika kwenye maji ya mvua, itelezeshe mahali pake, ikandamize kwa pamba kutoka katikati kwenda nje. Siku ya pili vanishi isiyong'aa juu ya yote, na chumvi mezani tena. Unga mwepesi ukitokea hapa, mara nyingi huondoka kwa kupulizia vanishi ya kung'aa siku kavu.

Sasa vioo vya behewa, kwa gundi nyeupe. Supagluu hutoa mvuke unaoganda juu ya kioo na kukifanya kama jicho lenye mtoto wa jicho. Vikikauka, weka paa.

## Seti za chuma

Ni kwa aliyemaliza tatu za plastiki. Zile za chuma laini cheupe usizilehemu kwa risasi ya fundi redio, kwa sababu hiyo huyeyuka kuanzia nyuzi 183 na kipande chenyewe kinaweza kuzama kabla hujaondoa mkono. Ipo risasi maalumu ya nyuzi 70. Za zamani zina madini ya risasi ndani, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula. Shaba nayo ioshe na kuipaka praima siku hiyo hiyo. Hewa yetu huigeuza kijani.

## Mahali pa kuiweka

Kidaka cha ukutani kinavutia, lakini chokaa hupukutika unga na ukuta wa matumbawe hupumua unyevu. Weka kipande cha kioo chini na kingine mbele, vifuko viwili vya kukaushia nyuma ya tenda (behewa la makaa na maji la injini), na uvianike vifuko hivyo juani kila mwezi. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi. Mdomo usipulize, mate ni maji ya chumvi.